Uga wa umeme kati ya chaji mbili: chora mishale kwanza, namba zifuate

Chaji mbili zimewekwa kwenye mstari mmoja. Ya kushoto ni chanya, ya kulia ni hasi. Swali linataka uga wa umeme katikati yake, yaani chaji ndogo chanya ikiwekwa hapo itasukumwa kwa kani kiasi gani na kuelekea wapi. Wanafunzi wengi wakishaona chanya na hasi hukimbilia kutoa: moja inaongeza, nyingine inapunguza, basi katikati lazima pabaki kitu kidogo, pengine sifuri. Jibu sahihi ni kinyume kabisa. Mahali hapo chaji zote mbili zinasukuma upande mmoja, na nyuga zake zinajumlishwa.

Fomula inayotumika ni fupi na mtu anaweza kuikariri kwa dakika moja. Kinachowakwamisha watu ni alama ya chaji. Wanaichukulia kama alama ya kutoa katika hesabu, ilhali kazi yake hapa ni kueleza mshale unaelekea wapi. Ukilielewa hilo, maswali yote ya chaji mbili, tatu au kumi yanakuwa swali moja lenye kazi ndefu zaidi au fupi zaidi.

Kutoka kani hadi uga

Chaji zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Kilichochukua muda kujulikana ni jinsi kani hiyo inavyopungua kadiri chaji zinavyotengana. Mwaka 1767 Joseph Priestley alihisi kwamba inapungua kwa mraba wa umbali, kwa sababu ndani ya chombo cha metali chenye uwazi na chenye chaji hakukuonekana kani yoyote. Henry Cavendish alilipima jambo hilo kwa makini katika miaka ya 1770 lakini hakuchapisha matokeo yake. James Clerk Maxwell ndiye aliyeyatoa hadharani mwaka 1879. Heshima ya jina ilimwendea Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, ambaye mwaka 1785 alitumia mizani ya msokoto: kijiti kilichoning'inizwa kwa uzi mwembamba wa metali, chenye tufe dogo la chaji kwenye ncha, ili kiasi cha uzi kusokoteka kionyeshe ukubwa wa kani.

Sheria yake ni hii:

F = k q₁ q₂ / r²

F ni kani kwa nyutoni, q₁ na q₂ ni chaji kwa kulombi, r ni umbali kwa mita, na k ni namba ya kudumu, 8.99 × 10⁹ N·m²/C², ambayo darasani hukadiriwa kuwa 9 × 10⁹. Namba hiyo ni kubwa mno. Kama ungeweza kuweka kulombi moja hapa na kulombi nyingine mita moja kutoka hapo, zingesukumana kwa nyutoni bilioni 9, sawa na uzito wa takriban tani 900,000. Ndiyo maana chaji za maabara hupimwa kwa nanokulombi, yaani sehemu ya bilioni moja ya kulombi.

Na ile mbili iliyo juu ya r si makadirio. Mwaka 1971 Williams, Faller na Hill walifanya jaribio la kutafuta kama kipeo hicho kinatofautiana na 2 hata kidogo. Hawakuona tofauti yoyote hadi kufikia kiwango cha sehemu chache katika 10¹⁶.

Sheria ya Coulomb inazungumzia chaji mbili zinazoathiriana kwa mbali. Michael Faraday hakuridhika na picha hiyo. Alianza maisha ya kazi akiwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu, na hisabati ya juu hakuwahi kufundishwa, lakini aliuliza swali lililobadilisha fizikia: katika nafasi iliyo kati ya chaji hizo kuna nini? Jibu lake lilikuwa kwamba chaji hubadilisha hali ya nafasi inayoizunguka, na chaji nyingine ikiingia katika nafasi hiyo huathiriwa na hali iliyoikuta pale pale ilipo. Hali hiyo ndiyo uga.

Ufikirie uga kama joto ndani ya chumba. Kila sehemu ya chumba ina kiwango chake cha joto, kuwe na kipimajoto hapo au kusiwe. Uga wa umeme nao una thamani kila mahali, kuwe na chaji ya kuuhisi au kusiwe. Tofauti ni moja, na ndiyo kiini cha makala hii: joto ni namba tu, uga una namba na mwelekeo. Ni vekta.

Ili kuupima, weka chaji ndogo chanya mahali unapotaka, pima kani inayoipata, kisha gawa kani hiyo kwa chaji uliyoiweka: E = F / q. Chaji ya kupimia inajifuta katika mgawanyo, na kwa chaji moja Q iliyo umbali r tunabaki na

E = k |Q| / r²

Kizio chake ni nyutoni kwa kulombi, N/C, ambacho ni sawasawa na volti kwa mita. Zile fito mbili zinazoizunguka Q zina maana: ingiza ukubwa wa chaji bila alama. Alama tunaiweka pembeni na kuitumia kwa kazi yake yenyewe. Kwa kuwa chaji ya kupimia imekubaliwa kuwa chanya, chaji chanya itaisukuma, kwa hiyo uga wa chaji chanya unatoka kwenye chaji na kwenda nje; chaji hasi itaivuta, kwa hiyo uga wa chaji hasi unaelekea kwenye chaji yenyewe.

Chaji moja, na njia ya mkato

Tuseme Q ni +6 nC (nanokulombi 6) na tunataka uga umbali wa sentimita 30. Nano ni 10⁻⁹ na k ni 9 × 10⁹, kwa hiyo vipeo vinaondoana vyenyewe. Hapo kuna njia ya mkato inayookoa muda na makosa: ukiwa na chaji kwa nanokulombi na umbali kwa mita, zidisha chaji kwa 9 kisha gawa kwa mraba wa umbali. Hapa 9 × 6 ni 54, mraba wa 0.3 ni 0.09, na 54 / 0.09 ni 600 N/C, mshale ukielekea mbali na chaji.

Ukisogea hadi sentimita 60, yaani umbali ukiwa mara mbili, uga unakuwa robo: 150 N/C. Mtu akikuletea jibu la 300, amesahau mraba. Akikuletea 0.015, amesahau kugeuza sentimita kuwa mita. Makosa haya mawili ndiyo mengi kuliko yote upande wa namba, na la kwanza linaonekana ukikagua jibu kwa kuongeza umbali mara mbili na kulinganisha.

Chaji mbili, na uamuzi wa mishale

Sasa tuweke mfano tutakaoutumia hadi mwisho. Chaji A ni +8 nC, iko upande wa kushoto. Chaji B iko sentimita 60 kulia kwa A, na ukubwa wake ni 2 nC. Alama ya B tutaibadilisha makusudi.

Kanuni inayoturuhusu kuendelea ni ya kujumlisha: uga mahali popote ni jumla ya nyuga ambazo kila chaji ingeufanya ikiwa peke yake. Kuwepo kwa B hakuufifishi wala kuuongeza mchango wa A. Kila moja inachangia sehemu yake kama vile nyenzake hazipo. Hili halitokani na hoja ya hisabati. Ni ukweli wa majaribio, na ni bahati kubwa, maana bila hilo kila chaji mpya ingetulazimisha kuanza hesabu upya.

Nukta ya katikati iko sentimita 30 kutoka kila chaji. Uga wa A hapo ni 9 × 8 / 0.09 = 800 N/C. Uga wa B ni 9 × 2 / 0.09 = 200 N/C. Namba hizi mbili hazibadiliki, B iwe chanya au hasi. Kinachobadilika ni mshale.

B ikiwa chanya: A inasukuma kwenda kulia, B nayo inasukuma kwenda kushoto kwa sababu nukta yetu iko kushoto kwake. Mishale inapingana. Uga ni 800 − 200 = 600 N/C kwenda kulia.

B ikiwa hasi: A inasukuma kwenda kulia, B inavuta kwenda kwake, yaani kulia vilevile. Mishale inakubaliana. Uga ni 800 + 200 = 1000 N/C kwenda kulia.

Angalia kilichotokea. Chaji zenye alama sawa zimetupa kutoa, chaji zenye alama tofauti zimetupa kujumlisha. Anayeingiza alama ya chaji moja kwa moja kwenye fomula anapata kinyume chake katika hali zote mbili, na ubaya ni kwamba majibu yake yanaonekana ya kawaida kabisa, hayana dalili yoyote ya kosa. Ndiyo maana nasisitiza mishale ichorwe kabla ya kugusa kikokotoo. Mchoro wa sekunde kumi, wenye nukta moja na mishale miwili, unatosha.

Kuna jambo jingine hapa linaloshangaza wengi. Chaji mbili zikiwa na ukubwa sawa na alama tofauti, nyuga zake zinasaidiana kila mahali kati yake, lakini nukta ya katikati ndiyo yenye uga dhaifu kuliko nukta zote za mstari unaoziunganisha. Sababu ni ule mraba: ukiisogelea chaji moja, mchango wake unapanda haraka kuliko mchango wa nyingine unavyoshuka.

Uga unakuwa sifuri wapi?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili, kwa sababu hisabati inakupa majibu mawili na fizikia inakuambia lipi la kuchukua.

Tutafute nukta ambayo nyuga mbili zina ukubwa sawa. Iite umbali x kutoka A. Umbali wake kutoka B ni x − 0.6. Tunataka

8 / x² = 2 / (x − 0.6)²

Ukizidisha pande zote na kupanga, unapata x² − 1.6x + 0.48 = 0, ambao unagawanyika kuwa (x − 0.4)(x − 1.2) = 0. Majibu ni mawili: sentimita 40 kutoka A, ambayo iko kati ya chaji, na sentimita 120 kutoka A, ambayo iko nje, upande wa pili wa B.

Mlinganyo huo haujui kama B ni chanya au hasi. Mraba umeimeza alama. Unachojua ni kwamba katika nukta hizo mbili ukubwa wa nyuga unalingana. Kwa uga kuwa sifuri tunahitaji masharti mawili: ukubwa ulingane na mishale ipingane. Sharti la kwanza ni la mlinganyo, la pili ni la mchoro.

B ikiwa chanya, mishale inapingana katika nafasi iliyo kati ya chaji tu. Kwa hiyo jibu ni sentimita 40. Hakiki: uga wa A hapo ni 72 / 0.16 = 450, wa B ni 18 / 0.04 = 450. Vinafutana. Katika nukta ya sentimita 120 chaji zote mbili zinasukuma kulia, kila moja kwa 50 N/C, na uga ni 100.

B ikiwa hasi, kati ya chaji mishale inakubaliana, kwa hiyo pale sentimita 40 uga ni 450 + 450 = 900 N/C, mbali sana na sifuri. Mishale inapingana nje ya chaji, na jibu ni sentimita 120: A inasukuma kulia kwa 72 / 1.44 = 50, B inavuta kushoto kwa 18 / 0.36 = 50. Sifuri.

Lakini nje kuna pande mbili, kushoto kwa A na kulia kwa B. Kwa nini upande wa kushoto hauna sifuri? Kwa sababu kule nukta yoyote iko karibu zaidi na A, ambayo pia ndiyo kubwa. B haina namna ya kulipiza, iko mbali na ni ndogo. Nukta ya sifuri siku zote huwa upande wa chaji ndogo, kwa kuwa udogo wake lazima ufidiwe na ukaribu. Na kama chaji mbili ni sawa kwa ukubwa na tofauti kwa alama, hakuna nukta yoyote ya sifuri ukiacha mbali isiyo na mwisho. Mtu akilijua hili kabla ya kuanza, anajua jibu lipo eneo gani hata kabla ya kuandika mlinganyo.

Kuna njia fupi zaidi pia. Badala ya kupanua mraba, chukua kipeuo cha pili cha pande zote: kipeuo cha 8/2 ni 2, kwa hiyo nukta inayotafutwa iko mbali na A mara mbili ya ilivyo mbali na B. Kati ya chaji, sentimita 60 zinagawanyika 40 na 20. Nje, ni 120 na 60. Kazi imekwisha bila mlinganyo wa kipeo cha pili.

Nukta ikitoka nje ya mstari

Mpaka hapa mishale imekuwa na pande mbili tu, kulia na kushoto. Nukta ikipanda juu ya mstari, mishale inalala kwa pembe, na hapo kujumlisha au kutoa namba kunakoma kufaa. Lazima kila mshale uvunjwe kuwa sehemu mbili, ya mlalo na ya wima.

Chukua A = +8 nC na B = −2 nC kama mwanzo, na nukta P iliyo sentimita 40 juu ya katikati ya mstari. Upande wa mlalo ni 0.3, wa wima ni 0.4, kwa hiyo kwa kanuni ya Pithagora P iko mita 0.5 kutoka kila chaji. Uga wa A ni 72 / 0.25 = 288 N/C, wa B ni 18 / 0.25 = 72 N/C.

Mshale wa A unatoka A kwenda P: kulia na juu. Uwiano wa mlalo ni 0.3 / 0.5 = 0.6, wa wima ni 0.4 / 0.5 = 0.8. Kwa hiyo sehemu zake ni 172.8 kulia na 230.4 juu. Mshale wa B unatoka P kwenda B: kulia na chini. Sehemu zake ni 43.2 kulia na 57.6 chini.

Mlalo: 172.8 + 43.2 = 216. Wima: 230.4 − 57.6 = 172.8. Ukubwa wa jumla ni kipeuo cha pili cha 216² + 172.8², yaani takriban 277 N/C. Tanjenti ya pembe ni 172.8 / 216 = 0.8, kwa hiyo mshale unaelekea kulia na kupanda kwa digrii zipatazo 39.

Anayejumlisha 288 na 72 kupata 360 amejumlisha urefu wa mishale bila kujali inakoelekea. Angalia pia kwamba sikuhitaji kutafuta pembe ya kila mshale kisha kosini na sini yake. Uwiano wa pande za pembetatu ndio kosini na sini yenyewe, na ukiutumia moja kwa moja unaepuka kukadiria pembe na kubeba kosa la kukadiria mpaka mwisho.

Kabla ya kuvunja mishale, tazama kama mpangilio una ulinganifu. Kama B ingekuwa −8 nC, sehemu za wima zingefutana zote na tungebaki na mlalo tu, mara mbili ya mchango wa chaji moja. Kama zote zingekuwa +8 nC, mlalo ungefutika na wima ungebaki. Chaji nne sawa kwenye pembe za mraba hutoa uga wa sifuri katikati, bila hesabu yoyote: kila mshale una mwenzake wa kuufuta. Ulinganifu unaondoa nusu ya kazi, mara nyingine yote.

Chaji ya tatu ikiingia

Ukishajua uga, kani ni hatua moja: F = qE. Weka elektroni kwenye nukta ya katikati ambako tulipata 1000 N/C. Chaji ya elektroni ni −1.6 × 10⁻¹⁹ C, kwa hiyo kani ni 1.6 × 10⁻¹⁶ N. Hapa alama inafanya kazi yake tena: uga unaelekea kulia, elektroni ni hasi, itasukumwa kushoto, kuelekea A. Kani inaonekana kuwa si kitu, lakini igawe kwa masi ya elektroni, 9.11 × 10⁻³¹ kg, na unapata mchapuko wa takriban 1.8 × 10¹⁴ m/s². Ukilinganisha na mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.8 m/s², utaelewa kwa nini katika maswali haya hakuna anayehangaika na uzito wa elektroni.

Jambo moja huwachanganya watu hapa. Ukiulizwa uga mahali ilipo chaji fulani, chaji hiyo yenyewe haihesabiwi. Haijisukumi. Uga pale ilipo B, kwa hesabu za kani inayoipata B, ni uga wa A peke yake: 72 / 0.36 = 200 N/C. Anayejaribu kuiingiza B kwenye hesabu atajikuta anagawa kwa sifuri.

Potenshali si uga

Nadhani mkanganyo wa alama una chanzo kingine, nacho ni potenshali, yaani nishati ambayo kila kulombi moja ingekuwa nayo mahali fulani, ipimwayo kwa volti. Mada hizi mbili hufundishwa zikifuatana, na fomula zake zinafanana: potenshali ya chaji nukta ni V = kQ / r, bila mraba. Potenshali ni skala, haina mwelekeo, kwa hiyo pale alama ya chaji huingizwa moja kwa moja, na chanya na hasi kweli hupunguzana. Mwanafunzi akihamisha tabia hiyo kwenye uga, anaangukia kosa tulilolianza nalo.

Mfano wetu unaonyesha tofauti vizuri. Kwa A = +8 nC na B = −2 nC, potenshali inakuwa sifuri kati ya chaji pale ambapo 8 / x = 2 / (0.6 − x), yaani sentimita 48 kutoka A. Hesabu uga wa mahali hapo hapo: A inatoa 72 / 0.2304 = 312.5, B inatoa 18 / 0.0144 = 1250, zote kulia. Jumla ni 1562.5 N/C. Potenshali sifuri, uga mkali kuliko ule wa katikati. Na kule sentimita 120, ambako uga ni sifuri, potenshali ni 72 / 1.2 − 18 / 0.6 = 60 − 30 = volti 30. Kimoja kuwa sifuri hakusemi lolote juu ya kingine.

Ukisimama mbali, na ukisogea karibu mno

Kwa mbali sana, A na B zenye +8 na −2 zinaanza kuonekana kama chaji moja ya +6 nC, na uga unapungua kwa mraba wa umbali kama kawaida. Hali inakuwa tofauti chaji zikiwa sawa kwa ukubwa na kinyume kwa alama. Jumla yake ni sifuri, lakini uga haufi, kwa sababu chaji mbili haziko mahali pamoja na kufutana kwake hakukamiliki. Kinachobaki hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali: ongeza umbali mara mbili, uga unakuwa sehemu ya nane. Jozi ya namna hii huitwa dipoli. Molekuli ya maji ni dipoli, upande wa oksijeni ukiwa hasi kidogo na upande wa hidrojeni ukiwa chanya kidogo, na kwa kujipanga kuizunguka chaji molekuli hizo hudhoofisha uga ndani ya maji karibu mara 80 ukilinganisha na ombwe. Ioni za chumvi, yaani atomi zake zenye chaji, zinazoshikana kwa nguvu zikiwa kavu huachana kwa urahisi majini, na sehemu ya sababu ni hiyo.

Upande wa karibu, fomula inasema uga unakua bila kikomo r ikikaribia sifuri. Chaji nukta ni kielelezo cha kurahisisha kazi. Vitu halisi vina ukubwa. Tufe lenye chaji iliyosambaa sawasawa hutoa uga, kwa nje yake, sawasawa kabisa na nukta iliyo kwenye kitovu chake, ndiyo maana kielelezo hiki kinafanya kazi vizuri hivyo. Ndani ya atomu ya hidrojeni, umbali wa 5.3 × 10⁻¹¹ m kutoka kwa protoni, fomula ileile inatoa uga wa takriban 5.1 × 10¹¹ N/C.

Hewani kikomo kinafika mapema zaidi. Hewa ya kawaida huacha kuwa kihami uga ukifikia takriban volti milioni 3 kwa mita, na cheche huruka. Kwa 8 nC, uga wa kiwango hicho unapatikana pale ambapo 72 / r² ni milioni 3, yaani milimita 5 hivi kutoka kitovu. Kwa makadirio basi, tufe lenye nusu kipenyo kidogo kuliko hapo haliwezi kuishikilia chaji hiyo hewani, itavuja.

Matufe ya metali yana tatizo jingine: yakikaribiana sana, chaji huhama juu ya nyuso zake, zisizofanana zikisogeleana na zinazofanana zikikimbiana, na kitovu cha tufe hakiwi tena mahali sahihi pa kupimia r. Kwa matufe yenye nusu kipenyo cha sentimita 1 yaliyo sentimita 60 kutoka kimoja hadi kingine, uhamaji huo ni mdogo, na uga kwenye uso wa A ni volti 720,000 kwa mita, chini ya kiwango cha cheche. Katika mpangilio huo, namba za makala hii zinakaribia sana zile ambazo kipimo kingeonyesha.